Pesa za utafiti wa kisukari cha watoto: zinatoka wapi, na wewe mama zinakuhusu vipi

Mtoto mwenye kisukari aina ya kwanza anahitaji insulini kila siku, maisha yake yote. Kuna anayeilipia. Inaweza kuwa bima, serikali, mradi wa msaada, mfuko wako mwenyewe, au utafiti ambao mtoto ameandikishwa. Akina mama wengi ninaowahudumia wanazijua dozi za watoto wao uniti kwa uniti, hata ukiwaamsha usiku. Lakini ukiwauliza insulini hiyo inalipiwa na nani, jibu huwa "ni ya hospitali." Jibu hilo linatosha mpaka siku utakapofika dirisha la dawa na kuambiwa mradi umekwisha.

Hapa tunaeleza pesa za utafiti wa kisukari cha watoto zinatoka kwa nani, wanaozitoa wanataka nini, na mambo ya kuuliza kabla hujaweka sahihi au dole gumba.

Kisukari tunachokizungumzia

Aina ya kwanza hutokea kongosho linapoacha kutengeneza insulini, mara nyingi kwa sababu kinga ya mwili imezishambulia seli zinazoitengeneza. Haisababishwi na soda wala pipi, na mama hakuikosea mimba yake. Dalili ni kiu isiyokatika, kukojoa mara kwa mara, kukonda huku mtoto anakula, na mtoto aliyekwisha acha kukojoa kitandani kuanza tena. Ukiziona, mtoto apimwe sukari siku hiyo hiyo, hata kama umekwenda zahanati kwa sababu ya homa. Akianza kutapika, kupumua kwa nguvu na haraka, au kulegea na kusinzia, hiyo ni dharura. Usingoje kesho.

Pesa ya matibabu si pesa ya utafiti

Hivi ni vikapu viwili, na kuvichanganya ndiko kunakoleta maumivu. Pesa ya matibabu hununua insulini, sirinji, kipima sukari na vijiti vyake. Pesa ya utafiti hununua jibu la swali. Ndani ya utafiti mtoto anaweza kupata vipimo vya bure, hata kile cha sukari ya miezi mitatu ambacho zahanati nyingi hazina, na mama akarudishiwa nauli. Lakini vitu hivyo vipo kwa sababu swali linavihitaji. Muda wa utafiti ukiisha, vinaondoka pamoja nao.

Kinachochanganya ni neno "mradi," kwa sababu sisi wahudumu tunalitumia kwa vyote viwili. Life for a Child, ulioanza mwaka 2000 na ambao makao yake ni Australia, ni mradi wa matibabu. Changing Diabetes in Children, ulioanzishwa mwaka 2009 na kampuni ya Novo Nordisk ya Denmark pamoja na washirika wake, nao ni wa matibabu, na umefika Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo. Humo mtoto anapewa insulini kwa sababu anaumwa, si kwa sababu amejibu dodoso. Hata hivyo miradi ya namna hii huwa na ukomo wa umri. Muulize nesi wa kliniki yako ukomo ni miaka mingapi, na uanze kushughulikia bima ya kijana mapema. Nimeona vijana wanaoanza kuruka dozi mwaka ule ule wanaotoka kliniki ya watoto, na si kwa ukaidi.

Insulini yenyewe ni zao la utafiti. Mwaka 1921, katika Chuo Kikuu cha Toronto nchini Kanada, Frederick Banting na Charles Best, katika maabara ya John Macleod, walifanikiwa kuitoa kwenye kongosho la wanyama, na James Collip akaisafisha hadi ikafaa kwa binadamu. Januari 1922 alichomwa Leonard Thompson, mvulana wa miaka 14 aliyekuwa amebaki mifupa. Kabla ya hapo mtoto kama yeye alinyimwa chakula ili aongezewe miezi michache tu. Leonard aliishi miaka mingine 13. Wagunduzi waliikabidhi hataza, yaani haki ya kumiliki ugunduzi, kwa chuo hicho kwa dola 1 kila mmoja, ili asitokee mtu wa kuihodhi. Zaidi ya miaka 100 imepita, na bado kuna mama anayekata safari ya siku nzima kuifuata chupa moja ya dawa hiyo. Kuigundua ilikuwa kazi ya kikapu kimoja. Kuifikisha mikononi mwako ni kazi ya kikapu kingine.

Nani anatoa pesa za utafiti?

Kwanza ni serikali za nchi tajiri. Marekani hutoa kupitia Taasisi za Taifa za Afya, NIH, na tangu mwaka 1997 Bunge lake limekuwa na fungu maalumu la kisukari, sehemu yake ikiwa ni ya aina ya kwanza. Uingereza hutoa kupitia Baraza la Utafiti wa Tiba, MRC, na taasisi yake ya utafiti wa afya, NIHR, ambayo ina mafungu ya kazi zinazofanyika katika nchi kama zetu. Umoja wa Ulaya nao hutoa. Tangu mwaka 2009 baadhi ya watoaji hawa wa serikali wana umoja wao uitwao GACD, unaotangaza kwa pamoja fursa za utafiti wa magonjwa sugu yasiyoambukiza, kisukari kikiwemo.

Pili ni vyama vya wagonjwa na wazazi, ambavyo nitavirudia. Tatu ni mifuko ya matajiri, kwa mfano Helmsley wa Marekani, ambao umeweka fedha nyingi kwenye kisukari aina ya kwanza. Nne ni kampuni za dawa. Hizi hulipia majaribio ya bidhaa zao, na hilo si baya lenyewe, ila ujue kampuni inauliza swali ambalo jibu lake linaweza kuuzwa.

Na serikali zetu? Mwaka 2006 viongozi wa Umoja wa Afrika walikubaliana kwamba kila nchi ielekeze asilimia 1 ya pato lake kwenye utafiti. Nchi nyingi hazijafika huko. Tanzania ina mfuko wa sayansi na teknolojia ulio chini ya COSTECH, na Kenya ina Mfuko wa Taifa wa Utafiti. Mifuko hii inahudumia kilimo, viwanda, mazingira na afya kwa pamoja, kwa hiyo kisukari cha watoto kinasimama kwenye foleni ndefu.

Mtafiti wetu hupata pesa hivi: mfadhili anatangaza fursa, mtafiti anaandika andiko lenye swali, mpango na bajeti, wataalamu wengine wanalisoma na kulilinganisha na maandiko mengine, na machache ndiyo yanapita. Kuanzia tangazo hadi pesa kuingia, mwaka unaweza kuisha. Mara nyingi anashirikiana na chuo cha nje, na huko ndiko bajeti inakoshikiliwa. Utafiti ukianza, huwa na miaka michache tu, kwa kawaida 3 hadi 5. Ndiyo maana mtafiti aliyekuja kwa kicheko na biskuti unaweza usimwone tena.

Pesa hufuata idadi

Mwaka 1989 Donald McLarty, Andrew Swai na wenzao walichapisha matokeo ya kupima sukari katika vijiji sita vya Tanzania. Walikuta chini ya mtu 1 kati ya 100 ana kisukari. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta karibu watu 9 kati ya 100. Namna za kupima na umri wa waliopimwa vilitofautiana, kwa hiyo tusizipange namba hizi kama ngazi. Lakini zilifanya kazi yake: baada ya hapo hakuna aliyeweza kusema tena kisukari ni ugonjwa wa Wazungu.

Sasa angalia nani alipimwa. Vijijini walipimwa wenye miaka 15 na kuendelea. Mwaka 2012, wenye miaka 25 hadi 64. Mtoto wako hayumo. Mtoto aliyekufa akidhaniwa ana malaria kali au amerogwa hayumo popote. Asiyehesabiwa hawekwi kwenye bajeti, na andiko la mtafiti lisilo na idadi huonekana dhaifu mbele ya mfadhili. Kwa hiyo rejesta ile ya kliniki, ambayo karani anaiandika huku wewe umechoka kusubiri, ina faida zaidi ya unavyodhani. Hakikisha jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa na mwaka aliogunduliwa vimeandikwa sawasawa.

Pesa pia hupenda njia iliyokwisha kuchongwa. Kliniki za VVU zilijengwa kwa fedha nyingi, zina rejesta, maabara na wahudumu waliofunzwa. Watafiti wa INTE-AFRICA, kwa pesa za Umoja wa Ulaya, waliuliza: je, wagonjwa wa VVU, kisukari na shinikizo la damu wakihudumiwa pamoja, nini kitatokea? Wakajaribu katika vituo 32 vya Dar es Salaam na Kampala. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2023 yalionyesha kwamba wa kisukari na shinikizo waliendelea kuhudhuria vizuri, na wa VVU hawakudhurika. Walikuwa watu wazima, lakini jibu kama hilo humpa waziri sababu ya kupanga huduma upya bila kujenga jengo jipya. Kwa maoni yangu, utafiti wa aina hii unatufaa kuliko mwingi unaotangazwa kwa mbwembwe.

Swali linalolipiwa si lazima liwe la mtoto wako

Chukua dawa ya teplizumab. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, ulioendeshwa na mtandao wa TrialNet unaotegemea fedha za NIH, uliwapa dawa hiyo watu waliokuwa na dalili za awali kwenye damu, kabla hawajaugua. Ilichelewesha kisukari aina ya kwanza kwa takriban miaka 2. Novemba 2022 Marekani iliiruhusu kwa wenye miaka 8 na kuendelea. Ni hatua kubwa. Lakini bei yake ilipoanza kuuzwa ilizidi dola 190,000 kwa mtu mmoja, na inafanya kazi kwa kuituliza kinga ya mwili inayoshambulia kongosho.

Je, kwa watoto wetu kinga ndiyo inayoshambulia? Mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Cameroon, Uganda na Afrika Kusini, kwa watu 894 waliopata kisukari wakiwa wadogo na kuhesabiwa kuwa ni wa aina ya kwanza. Damu zao zilitafutwa kingamwili, yaani alama zinazoonyesha kwamba kinga imelishambulia kongosho. Kwa takriban asilimia 65 alama hizo za kawaida hazikuonekana. Inaelekea wengi wana kisukari cha namna nyingine, na chanzo chake bado kinatafutwa. Mwaka huo huo Shirikisho la Kimataifa la Kisukari, IDF, lilikitambua kisukari kinachohusiana na utapiamlo na kukiita aina ya tano.

Tafadhali soma hapa polepole. Matokeo hayo hayasemi kwamba mtoto wako hahitaji insulini. Usipunguze dozi wala kuruka hata siku moja kwa sababu ya habari kama hizi. Yanachosema ni kwamba kama mabilioni ya utafiti yanaelekezwa kwenye kutuliza kinga, na kwa watoto wetu wengi tatizo si kinga, basi swali letu bado halijapata mlipaji wa kutosha. Hata hilo tumelijua kwa sababu kulikuwa na wagonjwa wa Kiafrika waliokubali kutolewa damu.

Ukiombwa mtoto aingie kwenye utafiti

Una haki ya kukataa, na una haki ya kukubali kisha ukajitoa baadaye. Kukataa hakuondoi huduma ya kawaida ya mtoto. Akikwambia mtu "usipojiunga hutapata insulini," huyo amevunja maadili, hata akiwa amevaa koti jeupe.

Fomu ya ridhaa iwe katika Kiswahili au lugha unayoielewa vizuri, na upewe nafasi ya kwenda nayo nyumbani umwonyeshe baba, bibi au yeyote unayeshauriana naye. Mtoto mwenye akili ya kuelewa aulizwe na yeye. Wewe ndiwe unayeweka sahihi, lakini sindano anachomwa yeye.

Uliza utafiti unalipiwa na nani. Uliza unadumu muda gani. Uliza kibali kimetolewa na nani: Tanzania Bara, utafiti wa afya hupitishwa na kamati ya maadili ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, na jaribio la dawa hupitia pia Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Zanzibar ina taasisi yake ya utafiti wa afya, ZAHRI. Kenya leseni ya utafiti hutolewa na NACOSTI, na Uganda na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Namba ya kibali na simu ya kamati vinapaswa kuwa kwenye fomu. Ukipiga, hutakuwa unamchongea mtu. Simu hiyo imewekwa kwa ajili yako.

Uliza damu ya mtoto itapelekwa wapi na itahifadhiwa kwa muda gani. Uliza mtoto akidhurika atatibiwa na nani, maana majaribio ya dawa yanatakiwa kuwa na bima. Na uliza kama majibu ya vipimo vyake yatarudi kwa daktari wake wa kawaida. Hili la mwisho husahaulika sana. Kipimo kinafanyika, namba inakwenda kwenye kompyuta ya mradi, na faili la mtoto linabaki tupu.

Siku utafiti unapofika mwisho

Swali moja nalipa uzito kuliko yote: mradi ukiisha, mtoto atapata wapi dawa na vijiti? Lazima liulizwe mwanzoni. Azimio la Helsinki, ambalo ndilo mwongozo wa madaktari duniani kuhusu utafiti kwa binadamu, linataka mpango wa baada ya jaribio upangwe kabla jaribio halijaanza, kwa wale ambao bado wanahitaji dawa iliyoonekana kuwasaidia. Kwa hiyo "tutaona huko mbele" si jibu.

Kama mtoto wako yumo kwenye utafiti sasa, fanya mambo haya mapema. Usifunge kadi yake ya kliniki ya kawaida. Endelea kuhudhuria hata kama mradi unampa kila kitu. Andika kwenye daftari aina ya insulini anayotumia, jina na nguvu yake, kwa sababu mradi unaweza kuwa unatoa aina ambayo bohari ya wilaya haina, na kubadilisha insulini ghafla bila usimamizi ni hatari. Aina ya kipima sukari nayo uiandike, kwani vijiti vya kampuni moja haviingii kwenye mashine ya nyingine. Kabati za nyumba nyingi zina mashine nzuri ambayo vijiti vyake viliondoka na mradi.

Miezi 3 hivi kabla ya mwisho, nenda na daftari hilo kwa mganga mfawidhi wa kituo chako. Maombi ya dawa yanahitaji muda.

Wazazi walioanzisha wenyewe

Usidhani mambo haya ni ya maprofesa tu. Shirika kubwa kuliko yote ya hiari duniani yanayolipia utafiti wa aina ya kwanza, Breakthrough T1D la Marekani, lilianzishwa mwaka 1970 na wazazi wa watoto wenye kisukari, na kwa miaka mingi lilijulikana kama JDRF. Chama cha kisukari cha Uingereza kilianzishwa mwaka 1934 na mwandishi H. G. Wells na daktari R. D. Lawrence, wote wawili wakiwa wagonjwa.

Kwetu mlango upo, ingawa ni mwembamba. Baadhi ya wafadhili, NIHR wakiwemo, wanamtaka mwombaji aeleze jinsi wagonjwa na jamii walivyoshirikishwa kupanga utafiti wenyewe, tangu kwenye swali. Hiyo ina maana mtafiti anawahitaji. Kikundi cha wazazi chenye mwenyekiti, orodha ya watoto na siku ya kukutana kinaweza kualikwa mezani kirahisi kuliko mama mmoja mmoja. Kama kliniki yenu haina kikundi, chama cha kisukari cha nchi yako kinaweza kuwasaidia kukianzisha. Mkiitwa, semeni yanayowasumbua: insulini kuharibika kwa joto, mwalimu anayemkataza mtoto kuchoma sindano shuleni, binti anayefichwa ugonjwa ili aolewe. Hayo ni maswali ya utafiti kamili.

Tahadhari: utafiti wa uongo

Utafiti wa kweli haukutozi pesa ya kujiunga. Haukuambii uache insulini ili "dawa ifanye kazi." Hauahidi kuponya. Wapo wanaouza unga wa majani na virutubisho kwenye magulio na kwenye simu wakisema "imefanyiwa utafiti," na wengine hukusanya ada ya fomu za "ufadhili wa wagonjwa wa kisukari kutoka nje." Mwombe namba ya kibali. Akisitasita au akikupa karatasi yenye mihuri mingi isiyo na simu ya kamati ya maadili, usitoe pesa, usitoe damu ya mtoto, na usimpe nakala ya cheti chake cha kuzaliwa. Toa taarifa kituo cha afya au kwa mganga mkuu wa wilaya. Na kama mtoto amekwisha acha insulini kwa sababu ya dawa hizo, mpeleke hospitali leo hii, hata kama anaonekana mzima, na mweleze daktari kila alichokunywa. Hakuna atakayekugombeza.